Sura ya 6: Wekundu Uliotoka Kwenye Ukucha

Mkoa wa Tanga una Kwamsisi mbili. Moja ni kata ya Mji wa Korogwe, ambako mtu akizidiwa usiku bodaboda humfikisha Hospitali ya Magunga kwa muda mfupi. Nyingine ni kata ya Wilaya ya Handeni, upande wa wilaya unaoelekea pwani, nchi ya Wazigua, ya mahindi, muhogo na mifugo. Huko kumsafirisha mgonjwa ni uamuzi wa fedha kwanza, na familia hukaa kikao kabla ya kuufikia.

Nimezitaja zote mbili kwa sababu swali la sura hii lina uzito tofauti katika kila moja. Rangi ya ukucha inaweza kutuambia nini kuhusu ugonjwa uliojificha mwilini? Mkazi wa Kwamsisi ya mjini akikisoma kidole vibaya leo, maabara itamrekebisha kesho asubuhi. Kwa mama wa Kwamsisi ya Handeni, jicho lake ndilo kipimo cha kwanza, na mara nyingine ndilo linaloamua kama mtoto ataondoka nyumbani siku hiyo au baada ya wiki.

Vijitabu vingi vya afya huanza na rangi za kushtua: kucha za njano, za kijani, za bluu, nyeusi ti. Nitazifikia. Lakini katika mkoa huu badiliko lenye madhara kwa watu wengi zaidi halishtui mtu. Ni wekundu kutoka taratibu, wiki baada ya wiki, hadi nyama iliyo chini ya ukucha inakuwa nyeupe kama karatasi, na hapo watu wa nyumbani wamekwisha kuizoea.

Ukucha wenyewe hauna rangi. Ni bamba gumu linalopitisha mwanga, na wekundu tunaouona ni damu inayopita katika mishipa midogo ya nyama iliyo chini yake. Kwa mtu mweusi hapo ni miongoni mwa mahali pachache ambapo damu huonekana bila kufunikwa na rangi ya ngozi. Mahali pengine ni kiganja, ulimi, midomo kwa ndani na utando wa ndani wa kope la chini.

Ndiyo maana mama mjamzito akifika kliniki, nesi humwambia, "Lete mkono, mama," kabla hata ya kufungua kadi. Mtazame nesi aliyeiva kazini anavyofanya. Anaushika mkono kwa chini, anaugeuza kiganja juu, anakunjua vidole polepole bila kuvivuta nyuma, kwa kuwa kidole kikivutwa nyuma mno damu hukimbia na kiganja cha mtu mwenye afya njema kitaonekana cheupe. Kisha anaweka kiganja chake mwenyewe pembeni na kulinganisha. Anamaliza kwa kushusha kope la chini kwa kidole gumba. Kazi yote haichukui hata dakika moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto wagonjwa, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuuanza katika miaka ya 1990, ulichagua kiganja kuwa mahali pa kutazama weupe. Naona ni uamuzi wa busara. Kucha za mkulima zina udongo, za mfanyakazi wa mkonge zimekwaruzwa na utomvu, na za bibi harusi zina hina. Hina ikishika kwenye ukucha haitoki mpaka ukucha wote uote upya, na mara nyingi kiganja nacho kimechorwa. Mama wa aina hiyo asomwe kwenye kope na ulimi.

Jicho hili lina uwezo gani? Mwaka 1999 Rebecca Stoltzfus na wenzake, wakitumia takwimu za Zanzibar na Nepal, walionyesha kwamba weupe wa kiganja, kope na kucha unasaidia kumkamata mwenye upungufu mkali wa damu pale ambapo tatizo limeenea. Upungufu wa wastani hupita bila kuonekana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, na asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa. Wengi wao, ukiwatazama kucha, ungesema wazima. Kwa hiyo ukucha mweupe ni habari nzito, lakini ukucha mwekundu haumpi mtu cheti cha afya.

Damu ya watu wa Korogwe na Handeni inakwenda wapi? Kwa miaka mingi mwizi mkuu alikuwa malaria. Vimelea huingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua, na bandama nayo huziondoa hata zile ambazo hazijaathirika sana. Watafiti waliofuatilia vijiji viwili vya Korogwe waliona jambo kubwa likitokea. Katika kijiji cha Mkokola, tambarare, vimelea vilionekana katika damu ya asilimia 78 ya waliopimwa mwaka 2003. Kufikia 2008 walikuwa asilimia 13. Kule Kwamasimba, mlimani, walishuka kutoka asilimia 24.7 hadi 3.1. Miaka hiyohiyo watoto wa Korogwe, pamoja na wenzao wa Kilifi nchini Kenya, walikuwa katika jaribio la chanjo ya malaria lililotangazwa Desemba 2008. Watoto wa wilaya hii wametoa damu nyingi kwa ajili ya elimu ya dunia, na ni haki yao tuijue elimu hiyo.

Mwizi wa pili ni safura. Mnyoo wake huingia kwa ngozi ya mguu unaokanyaga udongo wenye kinyesi, husafiri hadi utumbo mdogo, hung'ata ukuta wake na kunywa. Mnyoo mmoja wa aina ndogo humpotezea mtu takriban mililita 0.03 za damu kwa siku. Ni kidogo sana kusikika. Lakini mtoto mwenye minyoo 100 anapoteza kama mililita 90 kwa mwezi, na madini ya chuma yanakwenda pamoja na damu hiyo. Ongeza ugali wa muhogo kwa mboga kidogo, ongeza mimba zinazofuatana, na ongeza seli mundu, ambayo humfuata mtoto tangu kuzaliwa bila kujali anakula nini.

Chuma kikipungua kwa muda mrefu, ukucha hubadilika hata umbo. Hulainika, hupungua unene, kisha hubonyea katikati kama kijiko, kiasi kwamba tone la maji likiwekwa juu yake linakaa bila kumwagika. Kwa mtoto mchanga kucha za namna hiyo zinaweza kuwa maumbile tu na zikajirekebisha. Kwa mwanamke wa miaka 30 anayechoka akipanda kilima na kutamani kula udongo, hali ni nyingine kabisa.

Hapa ndipo mtu mwema hukosea. Ameona kucha nyeupe, amekumbuka vidonge vya kuongeza damu, anakwenda duka la dawa kumnunulia mtoto. Kisiwani Pemba, jambo hilohilo lilifanywa kwa utaratibu wa kisayansi: zaidi ya watoto 20,000 wenye umri wa mwezi 1 hadi 35 waligawanywa katika makundi, baadhi wakipewa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki kila siku, bila kupimwa kwanza nani anavihitaji. Agosti 2003 makundi ya chuma yalisimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa watoto waliopewa chuma walilazwa au kufa kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Katika mazingira yenye malaria nyingi, chuma kilichotolewa kiholela kiliwadhuru. Hata hivyo, katika kundi dogo la watoto waliopimwa tangu mwanzo na kupata tiba ya malaria kwa wakati, wale ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Tofauti ilikuwa kupima. Kila ninaposoma matokeo yale huwafikiria wazazi wa Pemba, waliokuwa wakiwapa watoto wao dawa kila siku wakiamini wanawajenga. Mama mjamzito anayepewa vidonge hivyo kliniki aendelee kuvimeza, kwa sababu yuko katika utaratibu unaomkinga pia na malaria. Mtoto asipewe kwa kukisia.

Kuna jambo jingine ambalo ukucha hueleza, na hili linapimwa kwa sekunde. Bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mtoto mgonjwa kwa sekunde 5 hadi ugeuke mweupe, uachie, uhesabu. Kwa mtoto mwenye mzunguko mzuri wa damu, wekundu hurudi mara moja, ndani ya sekunde 2. Ukichelewa kufikia sekunde 3 au zaidi, huenda damu haifiki vizuri kwenye ncha za mwili.

Kipimo hiki kimeingia katika historia ya tiba kupitia majirani zetu wa Muheza. Kwa miongo mingi madaktari duniani walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na ukucha unaochelewa kurudisha wekundu awekewe dripu kwa kasi, maji mengi kwa muda mfupi. Mwanzoni mwa mwaka 2009 jaribio lililoitwa FEAST, likiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi akiwa na wenzake kama Sarah Kiguli wa Hospitali ya Mulago, Uganda, lilianza kuipima desturi hiyo katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania. Kituo cha Tanzania kilikuwa Hospitali Teule ya Muheza. Waliingizwa watoto 3,141 wenye homa kali, waliolegea fahamu au waliohema kwa taabu, na wenye dalili za damu kutofika vizuri, kuchelewa kwa ukucha kukiwa mojawapo. Jaribio likasimamishwa Januari 2011 kabla ya kufikia idadi iliyopangwa. Ndani ya saa 48, kati ya watoto waliopewa maji kwa kasi walikufa zaidi ya 10 katika kila 100. Kati ya wale ambao hawakupewa kwa kasi walikufa 7.

Hakuna aliyetegemea hivyo. Dripu ya kasi, fahari ya wodi tajiri, ilikuwa inawaondoa watoto wetu. Leo mwongozo wa dunia hauruhusu kumwita mtoto kuwa katika mshtuko kwa sababu ya ukucha pekee: lazima ukucha uchelewe, mikono na miguu iwe baridi, na mapigo yawe dhaifu tena ya haraka, yote matatu kwa pamoja. Watoto wanaoharisha na kuishiwa maji hawakuwamo katika jaribio lile. Hao bado wanahitaji maji, na kwa haraka. Wazazi wanaodai, "Dokta, mtundikie dripu apate nguvu," wanastahili kuelezwa habari hii kwa upole, kwa maana ilipatikana kwa maisha ya watoto wa watu kama wao.

Kutoka hapo twende kwenye bluu. Damu iliyokosa oksijeni ni nyeusi-nyekundu, na ikionekana kupitia ukucha huleta rangi ya bluu au zambarau. Mtoto anayepiga bluu kucha na ulimi akilia, ambaye akikimbia kidogo huchuchumaa ghafla ili apumue, huenda alizaliwa na kasoro ya moyo inayochanganya damu safi na ile isiyo safi. Kuchuchumaa kunamsaidia kweli. Mwili wake umejifundisha wenyewe. Mtoto huyo aandikiwe rufaa, kwa kuwa upasuaji wa moyo wa watoto unafanyika hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Lakini nisikilizwe vizuri kuhusu bluu, maana hili linahusu Tanga kuliko Ulaya. Ili bluu ionekane, lazima kiasi fulani cha hemoglobini, kama gramu 5 katika desilita, kiwe kimekosa oksijeni. Mtoto ambaye hemoglobini yake yote ni gramu 6 anaweza kufa kwa nimonia bila kugeuka bluu hata kidogo. Atabaki mweupe tu. Tazama basi kifua kinavyobonyea kwa ndani anapovuta pumzi na pua zinavyotanuka. Hata kifaa kinachobana kidole na kusoma oksijeni kina udhaifu wake: Desemba 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kifaa hicho huwakosa wagonjwa weusi wenye upungufu wa oksijeni karibu mara tatu kuliko weupe.

Rangi nyeusi imewatesa watu kwa njia nyingine. Mistari myeusi au ya kahawia inayotoka shina la ukucha hadi ncha, kwenye vidole kadhaa, ni ya kawaida sana kwa Waafrika, na huongezeka kwa umri. Mzee mwenye mistari hiyo kwenye kucha nyingi hana haja ya kumtafuta aliyemroga. Tanzania ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI bila malipo, Oktoba 2004, mojawapo ya dawa zilizotumika miaka iliyofuata ilikuwa zidovudini. Kwa baadhi ya watumiaji iliziacha kucha zikiwa nyeusi au za bluu iliyokolea. Mtu aliyekuwa amewaficha jirani zake hali yake alijikuta anafichuliwa na vidole. Zidovudini hiyohiyo hupunguza damu, na ukucha uliokuwa mweusi haukuweza tena kuonyesha weupe, kwa hiyo kipimo cha hemoglobini kilikuwa cha lazima. Mabadiliko ya dawa, hasa ya mwaka 2019, yamewaondoa wengi kwenye zidovudini, na ni faraja kubwa. Hidroksiyurea, inayowasaidia wenye seli mundu, nayo huweza kutia mistari myeusi. Asiiache mtu kwa sababu hiyo.

Mstari mweusi wa kuogopwa ni ule mmoja, kwenye kidole kimoja, hasa gumba la mkono au la mguu, unaopanuka mwezi hata mwezi na kumwaga weusi kwenye ngozi ya pembeni. Hiyo inaweza kuwa saratani. Bob Marley alidhani ni jeraha la mpira wa miguu chini ya ukucha wa dole gumba la mguu. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1977, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Kuhusu njano na kijani sitasema mengi. Ukucha mmoja au kucha mbili zilizonenepa, zikawa njano na kumomonyoka, kwa kawaida ni fangasi, na kijani ni bakteria wanaopenda unyevu wa waosha vyombo na wafua nguo. Ni magonjwa ya ukucha wenyewe. Badiliko linalotoka ndani ya mwili mara nyingi hugusa kucha nyingi kwa pamoja, mikono yote miwili.

Weupe wa aina nyingine hutoka kwenye ini na figo. Mwaka 1954 daktari Mwingereza Richard Terry aliwachunguza wagonjwa 100 wenye ini lililosinyaa, akakuta 82 wana kucha nyeupe karibu nzima, zikibaki na ukanda mwembamba mwekundu kwenye ncha. Wenye kisukari na moyo ulioshindwa huweza kuwa nazo, na uzee pia. Figo zilizoharibika kwa muda mrefu hutoa nusu kwa nusu: nyuma nyeupe, mbele kahawia. Na mtoto aliyevimba uso na miguu, anayepoteza protini kwa mkojo, huweza kuonyesha mistari miwili myeupe ya kukingama. Ugonjwa huo wa watoto ulimshughulisha sana Mganda John Kibukamusoke, aliyeandika mwaka 1973 kitabu kizima kuhusu uhusiano wake na aina moja ya malaria. Ukiibonyeza mistari hiyo inatoweka, maana iko kwenye nyama ya chini na haiko kwenye ukucha.

Alama iliyo kwenye ukucha wenyewe husafiri. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi. Mwili ukipatwa na ugonjwa mkali, ukuaji husimama kidogo na kuacha mfereji wa kukingama kwenye kila ukucha. Mfaransa Joseph Beau aliueleza mwaka 1846. Pima kutoka shina: mfereji ulio milimita 6 mbele unaelekeza miezi 2 nyuma. Bibi anayesema mjukuu aliugua "wakati wa palizi" na ukucha unaosema miezi 2 wanaweza kuwekwa pamoja, na mganga akajua aulize nini.

Unapokwenda zahanati kwa sababu ya weupe uliouona, dai namba. Uliza, "Damu yangu ni ngapi?" na uhakikishe imeandikwa kwenye kadi, kwani ziara ijayo haina maana bila namba ya leo. Mjamzito mwenye hemoglobini chini ya 11 ana upungufu wa damu. Chini ya 7 ni mkali na anapaswa kwenda hospitali. Mtoto aliye chini ya 4 huongezewa damu, na aliye kati ya 4 na 6 huongezewa akiwa anahema kwa taabu, amepungukiwa fahamu au moyo wake umeanza kushindwa. Kwa familia ya Kwamsisi ya Handeni, kiganja cheupe kabisa pamoja na kuhema kwa taabu, kushindwa kunyonya au degedege ni sababu ya kuondoka siku ileile bila kusubiri kikao cha ndugu wote. Na ndugu wawili watatu wazima wapande gari pamoja na mtoto, wakiwa tayari kuchangia damu, kwa sababu benki ya damu ya hospitali inaweza kuwa tupu siku hiyo.